Vibuyu vya Nchi ya Buzwagi: Chombo, Vazi na Picha

Katika nchi iliyo kati ya Shinyanga na Geita, ambayo siku hizi yajulikana zaidi kwa dhahabu yake kuliko kwa mtama na ng'ombe wake, hapakuwa na chombo cha nyumbani kilichopewa kazi nyingi kuliko kibuyu. Maji yalichukuliwa kwa kibuyu, maziwa yalisukwa ndani ya kibuyu, na asali, samli, mbegu na dawa zilihifadhiwa katika vibuyu. Zeze lilipata sauti yake kwa kibuyu, na mganga hakuweza kufanya kazi yake bila kibuyu. Walakini mtu atafutaye nakshi za vibuyu katika Afrika ya Mashariki hutazama kwanza picha zilizochorwa juu ya gamba: majani, nyota, mijusi, kobe na wanyama wa porini. Asipoziona picha hizo hudhani kwamba chombo hakikupambwa. Kwa kipimo hicho vibuyu vya Unyamwezi na Usukuma vyaweza kuhesabiwa kuwa vyombo vitupu.

Makala haya yakusudia kuonyesha kwamba kipimo hicho hakifai. Vibuyu vya nchi hiyo vilipambwa, tena kwa uangalifu. Lakini vilipambwa kama mtu avikwavyo, si kama ukuta uchorwavyo. Mwenye kulielewa jambo hilo ataelewa pia kwa nini picha za majani na wanyama zionekanazo sasa sokoni ni za historia nyingine, na kwa nini kupotea kwa kibuyu ni hasara ya lugha pia, zaidi ya hasara ya mikono.

I. Nchi yenyewe

Buzwagi imo katika Kahama, mkoa wa Shinyanga, mahali ambapo Wanyamwezi, Wasumbwa na Wasukuma hukutana. Majina yenyewe hayana mipaka mikali. Katika lugha za huko sukuma ni upande wa kaskazini, na dakama ni upande wa kusini. Kwa hiyo mtu aliweza kuitwa Msukuma na jirani yake wa kusini, naye akamwita huyo Mdakama. Watu hao wana lugha zilizo karibu sana, na waliishi chini ya watemi wengi, kila mtemi na nchi yake ndogo. Kwa sababu hiyo si rahisi kutenga kibuyu cha Mnyamwezi na cha Msukuma kwa kutazama tu, wala makala haya hayatajaribu kufanya hivyo.

Nchi hiyo ilikuwa pia njia ya misafara itokayo Tabora kwenda kaskazini. Mwaka 1861 Speke na Grant walipita Msalala, jirani na Kahama, na huko mtemi Myonga aliuzuia msafara wa Grant na watu wake wakaupora. Katika mizigo ya misafara ya siku hizo vitu vikuu vilikuwa nguo, waya za shaba na shanga. Habari za shanga zatakiwa kukumbukwa, maana zitarudi hapa chini.

II. Majina ya chombo

Neno kibuyu lenyewe lastahili kuangaliwa. Mbuyu ni mti mkubwa, ambao wataalamu wa mimea huuita Adansonia digitata, na tunda lake ni buyu. Tunda hilo lina gamba gumu, nalo likitobolewa na kutolewa ubuyu wake laweza kuwa chombo. Kwa sura yake neno kibuyu ni udogo wa buyu. Lakini kibuyu cha kawaida hakitoki mbuyuni hata kidogo. Chatoka katika mmea utambaao, jamaa ya maboga na matango, uitwao na wataalamu Lagenaria siceraria. Yaani lugha imeviweka pamoja vitu viwili visivyokuwa na udugu wowote wa kimea, kwa sababu umbo lao ni moja na kazi yao ni moja. Aliyevipa majina alitazama chombo, wala hakutazama shamba.

Mmea huo ukizaa tunda la kuliwa, tunda huitwa mumunye au mung'unye. Chombo kikubwa cha mviringo huitwa dundu. Kidogo cha mviringo ni kitoma. Kipande chenye mpini wa kutekea maji ni kata. Kibuyu cha dawa cha mganga ni tunguri, na kile kitiwacho mbegu au vijiwe ili kitikiswe ngomani ni manyanga. Kibuyu cha kusukia maziwa, ambacho ndicho fahari ya nchi za wafugaji kama Shinyanga, kamusi za Kiswahili hukitaja kwa jina la kisabo. Lugha ambayo ina majina mengi namna hiii kwa gamba la tunda moja haikukidharau chombo hicho.

Jambo la maana zaidi kwa makala haya ni majina ya sehemu za kibuyu. Kina mdomo, kina shingo, kina tumbo, kina kitako. Kikitobolewa huwa kimefunguliwa mdomo, na kikivunjika shingo hakifai tena. Mtu aweza kusema kwamba majina hayo ni mithali tu, nayo hutumika kwa mitungi na chupa pia. Ni kweli. Lakini mapambo ya kibuyu yalifuata majina hayo sehemu kwa sehemu, kama itakavyoonekana.

III. Mmea na kazi ya kuutengeneza

Mmumunye ni mmea wa Afrika tangu asili. Mbegu na magamba yake yameonekana Amerika katika mabaki ya kale sana, yapata miaka 10,000 iliyopita, na kwa muda mrefu wataalamu walibishana juu ya njia uliyopita. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba vibuyu vya kale vya Amerika vyakaribiana na vya Afrika, na kwamba yawezekana tunda lilielea baharini hadi likafika ng'ambo likiwa na mbegu zilizo hai. Huko Peru, katika kilima cha Huaca Prieta, Junius Bird alifukua mwaka 1946 vibuyu viwili vidogo vilivyochongwa sura, vyenye umri wa miaka ipatayo 4,000. Basi kuchonga gamba hili ni sanaa ya zamani sana duniani, na kila watu walioupata mmea huu walichagua namna yao ya kuupamba.

Maua yake ni meupe, nayo hufunguka jioni, wakati wa nondo kuruka. Matunda ya mmea wa mwituni ni machungu, na uchungu huo waweza kuingia katika mbegu za mmea mtamu ulio karibu, kwa kuwa wadudu huchukua unga wa ua kutoka huku na kupeleka huko. Kwa hiyo mkulima ahitajiye mumunye wa kula na kibuyu cha chombo hana budi kujua mbegu zake na mahali pa kuzipanda. Mmea hupandishwa juu ya ua, juu ya paa au juu ya mti. Tunda lininginialo hunyosha shingo yake. Lile lilalalo chini hukua limepinda. Tunda changa likifungwa kamba kiunoni huota na kiuno hicho. Kwa hiyo kazi ya nakshi huanza kabla tunda halijachumwa: mkulima huchagua umbo, naye aliyeyajua hayo alikuwa fundi hata kama hakushika kisu.

Tunda huachwa mpaka kikonyo kikauke na gamba ligongwapo litoe sauti kavu. Kisha hutobolewa mdomo, hutiwa maji ili nyama ya ndani ioze, na baada ya siku kadhaa hutikiswa pamoja na mchanga au vijiwe mpaka mbegu na nyuzi zitoke. Huoshwa mara nyingi kuondoa uchungu, huanikwa, kisha hupakwa mafuta. Rangi yake ya kwanza ni ya majani makavu. Kwa mafuta, moshi na mikono ya watu huwa nyekundu, na mwisho hukaribia weusi. Rangi hiyo haipatikani kwa dukani wala kwa haraka. Ni umri wa chombo unaoonekana kwa macho.

IV. Kibuyu kilichovikwa

Kibuyu kilichokwisha kutengenezwa kilikuwa na nakshi za namna tatu.

Ya kwanza ni ya kuchanja na kuchoma. Mistari ilikatwa kwa ncha ya kisu, au gamba lilichomwa kwa chuma cha moto, kisha masizi na mafuta yalisuguliwa ndani ya mikato ili ionekane nyeusi. Mistari ya namna hii huzunguka shingo au tumbo: pembetatu, mshazari, vidoto vilivyopangwa safu. Yafaa kuona kwamba Kiswahili chatumia neno moja, kuchanja, kwa mkato wa chombo na kwa chale za mwilini. Mstari juu ya kibuyu na chale juu ya tumbo ni jamaa, kwa neno na kwa namna ya kuchorwa.

Ya pili ni ya mshono. Kibuyu ni kigumu lakini hupasuka. Chombo kizuri hakikutupwa kwa sababu ya ufa. Ufa ulitobolewa matundu madogo pande zote mbili, ukashonwa kwa uzi wa miti au wa mshipa, na mshono ukazibwa usivuje. Mshono uliopangwa vema, kila pindo sawa na mwenzake, waonekana kama nakshi iliyokusudiwa. Na hapana nakshi inayosimulia habari nyingi zaidi kuliko hiyo, kwa maana yaonyesha kwamba chombo kilianguka, kikaonewa huruma, kikarudishwa kazini. Katika nyumba yenye ng'ombe kisabo kilichozoea maziwa kilikuwa kigumu kubadilishwa. Wafugaji wengi wa Afrika ya Mashariki hutumia moto au mkaa kusafisha vibuyu vyao vya maziwa; Wakalenjin wa Kenya, kwa mfano, huandaa vyao kwa mkaa wa miti maalumu, na maziwa hupata ladha yake humo. Chombo kama hicho hujengwa siku hata siku, na kipya hakiwezi kukikalia mahali pake mara moja.

Ya tatu, ambayo ndiyo kubwa, ni ya kuvika. Shanga zilifungwa shingoni mwa kibuyu, na nyingine zilizungushwa tumboni. Vibuyu vya waganga vilifunikwa kwa shanga zilizoshonwa pamoja, vikatiwa na kauri, ngozi na minyororo midogo. Hapa ndipo shanga za misafara zarudi. Ushanga ulioletwa na wafanya biashara wa pwani, uliotengenezwa Venezia na kwingineko ng'ambo, uliingia katika miili ya watu kwanza: shingoni, viunoni, vifundoni. Kutoka hapo ulipanda juu ya kibuyu, nao ulikaa mahali pale pale ukaapo mwilini. Shingo ya kibuyu ilipewa kilichopewa shingo ya mtu.

Kizibo ndicho kikamilishacho. Katika vibuyu vya dawa vya Unyamwezi na Usukuma vilivyowekwa katika makumbusho, vipo vyenye kizibo cha mti kilichochongwa kichwa cha mtu. Jambo hilo halikuwa la huko bara peke yake. Karibu na pwani, kwa Wazaramo na Wakwere, kizibo cha tunguri huchongwa sura ya mwana hiti, yaani kile kitoto cha mti chenye kichwa na kiwiliwili kisicho na mikono, ambacho mwali hupewa wakati wa kukaa ndani. Kizibo kikitiwa mahali pake, mdomo, shingo, tumbo na kitako hupata kichwa, na chombo husimama kama mtu. Kikifunguliwa, dawa hutoka kama neno litokavyo kinywani. Yale ambayo lugha iliyasema kwa majina, fundi aliyasema kwa mti na ushanga.

V. Picha zilikuwa wapi?

Mtu aweza kujibu kwamba watu wa Usukuma walivika vibuyu vyao kwa sababu hawakujua kuchora. Jawabu la hoja hiyo lilichapishwa mwaka 1953, Hans Cory alipotoa kitabu chake juu ya picha za ukutani za wachezesha nyoka wa Tanganyika. Cory, mtu wa asili ya Austria aliyefanya kazi ya utafiti wa mila kwa serikali ya Tanganyika, alinakili picha zilizochorwa ndani ya nyumba za chama cha Bayeye. Humo mlikuwa na nyoka wa kila namna, wanyama, watu na viumbe vya hadithi, vilivyopakwa rangi juu ya ukuta, navyo vilikuwa mafundisho kwa wale waingizwao katika chama. Basi mkono wa kuchora viumbe vya porini ulikuwapo Usukuma, tena mkono hodari. Lakini picha zilikuwa na nyumba yao, na zilikuwa siri ya wenyewe. Kibuyu kilikuwa na vazi lake, nacho kilionekana na kila aingiaye.

Mahali pengine mgawanyo ulikuwa tofauti. Gerhard Lindblom, Mswidi aliyekaa Ukamba kabla ya vita vya 1914, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1920 jinsi Wakamba walivyochora vibuyu vyao alama na sura za vitu walivyoviona. Kwa Wakikuyu palikuwa na gicandi, kibuyu cha kutikiswa chenye mbegu ndani na alama nje, ambacho W. Scoresby Routledge na mkewe Katherine walikiandika katika kitabu chao cha mwaka 1910. Waimbaji wawili walishindana kwa mafumbo, kila mmoja akimjibu mwenzake, na alama za kibuyu zilikuwa kumbukumbu ya masimulizi. Kibuyu hicho chastahili kuitwa kitabu. Kimani Njogu, mtaalamu wa Kiswahili, amekitia katika uchunguzi wake wa mashairi ya kujibizana ya Afrika ya Mashariki, na Ngũgĩ wa Thiong'o alimfanya mwimba gicandi kuwa msimulizi wa riwaya yake ya mwaka 1980, Caitaani Mũtharabainĩ.

Kwa hiyo watu wa mmea mmoja na wa kanda moja walichukua njia mbili. Mkikuyu alikifanya kibuyu kuwa ukurasa. Mnyamwezi na Msukuma walikifanya kuwa mtu. Hapana njia iliyo juu ya mwenzake. Lakini mwenye kusoma njia ya pili kwa macho ya kwanza ataona utupu mahali ambapo pana maana.

VI. Debe, plastiki na soko

Adui wa kwanza wa kibuyu alikuwa debe la mafuta ya taa. Lilikuwa jepesi, halikupasuka, na likaja bure baada ya mafuta kwisha. Nyuma yake zikaja sufuria, chupa, na mwisho ndoo na madumu ya plastiki. Mwaka 1974, watu wa Shinyanga walipohamishiwa katika vijiji vya ujamaa, nyumba nyingi ziliacha maua yao ya minyaa na mashamba ya karibu, na mmea utambaao huhitaji ua wa kuupanda na mtu wa kuutazama. Baadaye dhahabu ikaja na haraka yake. Mgodi wa zamani wa Geita ulifungwa mwaka 1966, na mpya ukafunguliwa mwaka 2000; Bulyanhulu ikafuata mwaka 2001; na Buzwagi ilianza kutoa dhahabu mwaka 2009, ikafikia mwisho wa uchimbaji wake mwaka 2021. Mgodi mmoja ulianza na kumalizika katika muda mfupi kuliko ule ambao kisabo kizuri chaweza kukaa katika nyumba moja.

Wakati chombo kilipokuwa kikitoka jikoni, kibuyu kingine kiliingia sokoni. Hicho chauzwa kwa wageni, nacho huchorwa twiga, tembo, minazi, majani mapana na jua lishukalo. Asilaumiwe fundi wake. Wakamba nao waliuza vinyago kwa wageni tangu baada ya vita vya 1914, na sanaa yao ikalisha watoto wengi. Walakini kibuyu hicho kisichukuliwe kuwa mrithi wa kisabo. Mnazi haumei katika nchi ya Buzwagi isipokuwa umepandwa, na picha yake juu ya kibuyu husimulia kile mnunuzi atamanicho kukiona. Hakina mshono, kwa maana hakikupasuka. Hakina weusi wa moshi, kwa maana hakikukaa jikoni. Na mara nyingi hakina kizibo, kwa maana hakiwekwi kitu ndani.

Kazi ya kuhifadhi haikukosa watu. Huko Bujora, karibu na Mwanza, Padre David Clement wa Shirika la Wamisionari wa Afrika alikusanya vyombo vya Wasukuma, na makumbusho yake yakafunguliwa mwaka 1968. Mapema katika miaka ya 2000, wanawake wa kikundi cha Kyanika, Kitui, wakisaidiwa na watafiti wa mimea, walikusanya mbegu za vibuyu vya namna nyingi pamoja na majina na matumizi yake. Mfano huo wa Kitui ndio ufaao zaidi kuigwa, kwa sababu ulihifadhi mbegu, chombo na neno kwa pamoja. Makumbusho yaweza kutunza gamba kwa miaka mia, lakini gamba lisilo na jina la mwenyewe, la kazi yake na la sehemu zake halina tofauti kubwa na kokoto.

Kwa wataalamu wa lugha kazi iliyobaki ni nyepesi kutaja na nzito kutenda. Maneno kama kisabo na dundu yangali katika kamusi, lakini neno laweza kukaa katika kamusi muda mrefu baada ya kitu chake kutoweka. Katika nyumba za Kahama, Msalala na Shinyanga wamo wazee waliosuka maziwa kwa mikono yao, na wanajua jina la kila mshono, kila kifungo na kila namna ya mmea. Wakiulizwa sasa kwa Kisumbwa, Kinyamwezi na Kisukuma chao, Kiswahili kitapata msamiati ambacho hakina bado. Wasipoulizwa, atabaki twiga aliyechorwa juu ya kibuyu kipya, na wajao watadhani kwamba hiyo ndiyo nakshi ya kwanza ya nchi hiyo.